Mwendo wa Mama Musoki

Wasikilizaji wapendwa, simameni kidogo. Tembeeni hapo hapo mlipo. Mguu gani unakanyaga kwa nguvu, na upi unajihurumia? Mimi sikuwahi kujiuliza, mpaka nilipoanza kuulizia maisha ya Mama Musoki.

Mama Musoki alituacha juma lililopita, hapa Bunia. Alikuja kutoka Butembo akiwa bibi arusi, akauza samaki wa Kasenyi pale Mudzipela. Katika kanisa lake la mtaa wa Shari, wamama wa kwaya wakipeleka matoleo kwa kucheza, yeye ndiye aliyetangulia. Mbele ndipo palikuwa mahali pake. Alipapenda, na hakuficha.

Kisha goti lake la kuume likaanza kusagika. Arthrose, ndivyo daktari anavyouita ugonjwa huo. Hakusema kitu. Alikanyaga kuume haraka haraka, akaegemea kushoto, bega likayumba. Na wamama nyuma yake? Nao wakayumbisha bega! Miaka ikapita, wapya wakafundishwa ule mwendo kama danse ya kwaya. Nami niliupigia makofi, wasikilizaji wapendwa.

Binti yake, Adeline, ndiye aliyempeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, Bwana Vital. Mama akafungwa jenuyere, ule mshipi wa goti wenye vyuma pembeni. Nilimuuliza Vital: je, inaponya?

"Hapana. Goti likishasagika, halirudi. Ila jenuyere inalishikilia, inapunguzia uzito upande unaouma, mtu anakanyaga bila woga. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo tu. Yeye ilimsaidia."

Jumapili iliyofuata Mama Musoki akatangulia, wima kabisa. Nyuma yake kwaya nzima inachechemea! Lydie, aliyejiunga juzi juzi, akamvuta kikwembe, kile kitenge alichojifunga: "Mama, weye unaharibu danse. Rudi nyuma kwanza, ujifunze tena."

Nyuma! Adeline anasema mkono wa mama yake ulishafika gotini, afungue jenuyere, achechemee tena, ili abaki mbele. Halafu Mama Musoki akaiacha, akawageukia wenzake.

"Wamama, ile haikukuwa danse. Ni goti ilikuwa inaniuma. Miye niliona haya kusema."

Ndipo Mama Bernadette, wa mstari wa mwisho, akasema: "Hata yangu inauma."

Jumamosi tulimsindikiza Mama Musoki makaburini. Lydie alimuuliza Adeline: "Tutembee mwendo gani?" Adeline akajibu: "Ile ya zamani ilikuwa ya kuficha. Mutembee wima."

Wakatembea wima. Mama Bernadette peke yake alichechemea, maana hajapata jenuyere. Basi wakamtoa nyuma, wakamweka mbele, ili wote waende polepole kama yeye. Hakuna aliyemuiga. Hapo nililia, siwafichi.

Adeline na jamaa yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo mama akipita uani na ndoo yake, mwangalieni vizuri. Msimsifu mwendo. Muulizeni goti.