Bi. Nurys na Faili Lililoharibika Umeme Uliporudi

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025, Bi. Nurys Almánzar atastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwahudumia watumiaji wa Tinajita, programu yetu ya hesabu za nyumbani. Alijiunga nasi hapa Santiago ofisi ilipokuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu, na anaondoka akiwa mkuu wa huduma kwa wateja. Cheo hicho kinamstahili, ila sidhani kama kinamweleza. Pengine linalomweleza zaidi ni swali moja alilokataa kuliacha.

Miaka ya mwanzo, mafaili ya wateja yaliharibika kila mara, nasi tulilaumu kukatika kwa umeme. Jibu lilionekana kamili. Bi. Nurys pekee ndiye aliyegundua kwamba simu za malalamiko haziji umeme unapokatika, bali unaporudi, akauliza kwa nini.

“Anayeleta balaa si anayeondoka,” alituambia, “ni anayerudi. Muulizeni jirani yangu habari za mumewe.”

Tulicheka, tukaendelea na kazi. Yeye hakuendelea.

Ndipo doña, yaani Bibi, Ercilia Tavárez, kijumbe wa upatu wa mtaa wake, akatupigia simu. Faili lake lilikuwa limekataa kufunguka, na ndani yake mlikuwa na mpangilio wote wa zamu, ambao wanachama walikuwa wamebadilishana mara nyingi kiasi kwamba hata yeye hakuukumbuka tena. Jumamosi ilikuwa siku ya kupokea, na majirani wawili waliapa, kila mmoja, kuwa zamu ni yake.

“Mwanangu, tayari wananiita mwizi. Jina langu likichafuka, nahama mji!”

“Huhami popote, doña. Ila usilifungue tena, tafadhali. Kidonda hakichokonolewi.”

Bi. Nurys alikwenda mwenyewe nyumbani kwake. Umeme ulikuwa umekatika, na kompyuta iliendeshwa na inveta, kifaa kinachotoa umeme wa betri. Nakala ya akiba ya programu nayo ilikuwa mbovu. Alinakili faili mara mbili, akaliweka lile la asili kando, kisha akaanza kuichunguza nakala ya kwanza. Mwili wa faili ulikuwa mzima. Kilichovunjika ni kichwa tu, yaani ile sehemu ya mwanzo ambayo programu huitumia kulitambua faili lake. Akatengeneza faili jipya tupu, ili achukue kichwa chake na kukiunganisha na mwili ule.

Alipokuwa anahifadhi kazi, umeme ukarudi. Mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe, na doña Ercilia akachomoka mbio kwenda kuzima inveta, betri zisije zikaisha bure. Kompyuta ikazimika, ikawaka tena. Nakala ya kwanza ikafa.

“Doña! Umefanya nini?”

“Nimezima inveta, mama. Si kila mtu anazima?”

Kila mtu, kweli: umeme ukirudi watu hukimbilia kuzima inveta, kompyuta hukatikiwa ghafla, na faili linalohifadhiwa wakati huo huvunjika. Bi. Nurys anasema alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akaichukua nakala ya pili, akaunganisha kichwa na mwili, na faili likafunguka. Zamu ya Jumamosi haikuwa ya yeyote kati ya wale wawili. Ilikuwa ya mshonaji wa jirani, ambaye hakuwa amesema neno. Upatu ule ungalipo, na kijumbe ni yule yule. Kila Kwaresima hutuletea sufuria ya maharage matamu.

Tangu hapo, Tinajita huandika faili jipya kando, na hailiondoi la zamani mpaka jipya likamilike. Malalamiko yalipungua mno. Ni kweli kwamba inveta nazo ziliboreshwa miaka hiyo hiyo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba sifa zote ni zake. Naweza kuapa tu kwamba swali lilikuwa lake.

Jumatatu iliyopita umeme ulirudi katikati ya kikao. Nje, kelele za furaha. Ndani, hakuna aliyeinuka kwenda kuzima inveta. Sote tulimtazama Bi. Nurys. Alimaliza sentensi yake, akahifadhi kazi, ndipo akapiga makofi.

Asante, Bi. Nurys. Tunakuombea siku njema zisizo na haraka. Nasi, umeme ukirudi, tutakaa kwanza.