Nionyeshe Mtu Aliyehama Kwako

Bwana asifiwe! Hapo nyuma sijawasikia. Nimesema Bwana asifiwe! Amina. Mnaniangalia hivyo, na mimi pia nawaangalia. Mnanijua. Mimi ni Mama Ndunge wa hapa mtaa wa Tena, nimeokoka, nampenda Yesu, na sipendi kudanganywa. Kabla sijashika hiki kipaza sauti nimeuliza ni nani amekifunga waya, maana juzi kilimpiga shoti mzee wa kanisa. Chekeni tu. Leo nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyotutoa katika nyumba iliyofungwa kufuli, na nyumba yenyewe haikuwa ya mawe wala ya mabati.

Ndugu zangu, mnaniona nimefunga kitambaa kizuri hamjui nimetoka wapi. Tulikaa kwenye mabanda ya Mukuru kwa Njenga. Mume wangu, Baba Ndunge, ni mchongaji. Alifundishwa na baba yake kule kwetu Ukambani: twiga, simba, vijiko vya kupakulia, na Krismasi ikikaribia anachonga hori yote, Mariamu na Yusufu na mtoto na ng'ombe wake. Maneno hana. Mikono yake ndiyo iliyonichumbia.

Sasa mwenye ploti akataka chumba chetu ampe mtu wake. Kodi tulikuwa tumelipa yote. Tulienda ibada, tukarudi, tukakuta kufuli lake juu ya kufuli letu. Ndani kulikuwa na patasi, kulikuwa na tezo aliyoachiwa na baba yake, na kulikuwa na twiga nusu, mti bado mbichi, umezungushiwa gunia lenye maji usije ukapasuka. Tulimbembeleza yule mtu. Tulileta wazee. Tulilala kwa watu. Alipofungua, gunia lilikuwa limekauka na twiga amepasuka toka shingo hadi tumbo, na ile tezo hatukuiona tena mpaka leo. Baba Ndunge alikaa chini akaushika ule mti. Mimi nililia kwa niaba yetu wote wawili.

Tangu siku hiyo, nikiingia nyumba ya mtu macho yangu yanatafuta kwanza pa kutokea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilishtuka mpaka ikawa tabia.

Tukahamia hapa Tena. Baba Ndunge akatafuta tezo nyingine, akaendelea kuchonga, na dalali mmoja akawa anachukua kazi yake kupeleka kwenye maduka ya watalii. Kila akirudi alikuwa na wimbo uleule, eti wageni hawanunui siku hizi. Mimi nilikuwa namwangalia tu. Kama hawanunui, mbona kila Jumatatu uko mlangoni kwangu na gunia tupu? Lakini mume wangu alichoka. Jioni moja aliniambia, sauti chini, "Mama Ndunge, Krismasi hii ikipita hivi, natundika tezo. Nitaenda kusimama kwa geti za viwanda vya Indastrio kungoja kibarua, kama wanaume wengine."

Woi! Ndugu zangu, kuna mtu ukimwambia aache kazi yake ni kama umemwambia aache kupumua. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Krismasi ikipita bure, mchongaji amekwisha, atabaki mbeba magunia.

Hapo ndipo akaja mgeni kutoka ng'ambo hapa kanisani, mnamkumbuka, yule aliyeimba pambio akikosea maneno. Alinunua hori moja akasema mkiweka vitu hivi kwenye intaneti, makanisa ya kwetu yatanunua. Intaneti sisi tutaijulia wapi? Lakini palikuwa na ndugu mmoja katika Bwana, jina nitalihifadhi, anavaa tai hata Jumamosi, anafanya kazi ya kompyuta mjini. Akasema, "Mama, tulia, hiyo kazi ni yangu. Mimi nitawahosti."

Kuhosti! Akina mama wa ushirika wa Jumatano wanajua maana ya kuhosti. Ni ushirika uje kwako, wewe ununue maziwa na mkate, uchemshe chai, watu wanywe, waimbe, waende zao. Kwa hivyo aliposema kuna watu wanaolipa kila mwezi ili wahostiwe, nilimuuliza, tangu lini mgeni akalipia chai? Akacheka sana. Akanieleza kwamba duka la intaneti linahitaji mahali pa kukaa, ndani ya kompyuta ya mtu isiyozimwa mchana wala usiku, ili mteja wa mbali akipita alikute wazi. Nikamwambia aa, basi hiyo si kuhosti. Hiyo ni kupangisha. Huyo ni landilodi!

Yeye akasema hatatutoza hata ndururu, kwa sababu sisi ni ndugu. Amepata mahali huko Amerika wanapotoa nafasi bure. Bure! Ndugu zangu, nywele zilinisimama ndani ya kitambaa. Landilodi asiyetaka kodi anataka nini? Nikaanza kuuliza maswali, Baba Ndunge akanikatiza. "Mama Ndunge, wewe hata malaika Gabrieli ungemwitisha kitambulisho." Nikafunga mdomo.

Shuku hazikutoka kwangu peke yangu. Dada mmoja hapa alinijia na Biblia na kalamu, akanipigia hesabu kwamba kila dabliu ni sita, kwa hivyo zile dabliu tatu za intaneti ni namba ya mnyama. Niliogopa! Nilifunga kula. Halafu Jumapili nikainua macho nikaona Wambui, Wanjiru na Wairimu wamekaa benchi moja, wanaimba. Dabliu tatu, wameokoka wote. Sasa tuwakemee? Nikaenda kunywa uji.

Basi duka likafunguliwa. Jina lake lilikuwa refu, jina la wale wa Amerika mbele na letu nyuma kama mkia. Siku si nyingi yule ndugu akatuletea karatasi aliyochapa: kanisa moja la ng'ambo linauliza kama mchongaji anaweza kuwatengenezea hori za kutosha kabla ya Krismasi. Haleluya! Baba Ndunge hajui kuimba, lakini siku hiyo aliimba. Alimwambia yule ndugu awajibu ndiyo, akanunua mti. Alianza na ng'ombe, maana ng'ombe ndio humchukua muda.

Nikamwomba Pasta aje nasi saiba, ile nyumba ya kompyuta za kulipia, kule mjini, aione kazi ya Bwana kwa macho yake. Tukakaa mbele ya kioo. Picha ikaanza kushuka polepole toka juu. Ndugu zangu, kabla Mariamu hajafika, alikuja mwanamke mwingine! Amevaa karibu hana kitu, anakonyeza jicho, na maandishi yanawakawaka yakikaribisha watu kwenye kamari. Halafu chini yake ndiyo hori yetu. Pasta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na yule mwanamke bado yuko. Akaniuliza pole kabisa, "Mama Ndunge, huyu naye ni nani katika habari za Bethlehemu?" Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa nikajua kodi ilikuwa wapi. Hao wa bure walikuwa wamekodisha ukuta wetu kwa watu wengine, na mtoto Yesu amelala chini ya tangazo.

Tukamwendea yule ndugu, tukamwambia tunataka kuhama. Akasema haiwezekani. Jina lile ni la wenyewe, wale wa Amerika. Neno la siri la kufungulia duka, wanaloliita paswadi, analo yeye. Barua za wateja zinaingia kwake, na atatuletea zikija. Kila Jumapili namuuliza, lile kanisa limeandika? Hakuna kitu, Mama, subiri kwa imani. Nikamwangalia usoni. Yeye akaangalia viatu. Ee Mungu wangu, kufuli juu ya kufuli! Halafu nikarudi nyumbani nikamkuta Baba Ndunge ametoa tezo kwenye mpini wake, anaifunga kwa gunia. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

Niliingia chumbani nikalala kifudifudi. Sikuomba maombi ya kupendeza. Nilimwambia Mungu, "Baba, hukunitoa Mukuru ili uje unifungie Amerika!" Nililia mpaka leso ikalowa. Na pale sakafuni Bwana akanikumbusha kitu. Hii nyumba ya Tena niliipataje? Sikumsikiliza mwenye nyumba, maana kila mwenye nyumba anakwambia maji hayakatiki. Nilisimama barabarani mpaka nikaona mtu anapakia godoro kwenye mkokoteni, anahama, nikamuuliza yeye. Amekurudishia arubuni yako? Amekuachia vitu vyako? Mtu anayehama hana sababu ya kumpamba mtu.

Niliinuka nikafungua lile gunia. Nikamwambia Baba Ndunge rudisha hii kwenye mpini, kesho nakwenda mjini kutafuta landilodi wa duka, na safari hii maswali nitauliza yote.

Ofisi ya kwanza ilikuwa na zulia na msichana wa kuleta maji baridi. Walitaka kunipangisha jumba zima, tena kwa dola, na mimi nina picha chache za ng'ombe. Nikauliza, nionyeshe mtu aliyehama kwako. Yule bwana akacheka, akasema hakuna mteja aliyewahi kutuacha. Ndugu yangu, kama hakuna anayetoka, ama mna raha ya mbinguni ama mlango hauna kitasa. Nikashukuru kwa maji. Ya pili ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Bei ya mchicha! Lakini nilipouliza swali langu yule kijana akaanza kuniuliza mimi nimetumwa na nani. Nikatoka kinyumenyume.

Ofisi ya tatu ilikuwa ghorofani, ngazi zake giza, na kitu cha kwanza nilichokiona ukutani ni kalenda ya kampuni ya pombe. Karibu nirudi! Ndani kulikuwa na mama mmoja anaitwa Awino, amevaa sweta, anakula muhogo juu ya kompyuta. Nikamtupia swali hata kabla ya kukaa. Nionyeshe mtu aliyehama kwako. Hakucheka. Akapangusa mkono, akainua simu, akampigia mtu wa kampuni ya kupeleka watalii mbugani, akanipa nimsikie mwenyewe. Yule mtu akaniambia, "Awino? Tuligombana, kompyuta yake ililala siku nzima wateja wananitafuta. Nikahama. Lakini siku niliyosema naondoka, alinipa vitu vyangu vyote, na jina la duka langu nilitoka nalo."

Ndugu zangu, machozi yalinitoka palepale chini ya kalenda ya pombe.

Awino aliniambia, "Mama, wewe unahitaji chumba kimoja tu, usinunue nyumba." Bei ikawa ya shilingi, ya mwezi, tunayoiweza. Si rahisi kuliko zote, lakini nililala usingizi. Jina likaandikwa la Baba Ndunge, nikasimama nyuma ya Awino akiliandika, nikamfanya anisomee herufi moja moja. Neno la siri nililichagua mimi. Aligeuka akaangalia dirishani wakati nikiliandika, bila kuambiwa.

Halafu nikaenda saiba na ile karatasi ya kwanza, maana ilikuwa na anwani ya lile kanisa. Niliandika kwa kidole kimoja. Tumehama nyumba, hapa ndipo tunapokaa sasa, mchongaji yuko, mti uko. Jibu lilikuja. Walisema wamefurahi sana kusikia hivyo, kwa kuwa wameandika tena na tena, na wamekuwa wakijibiwa kwamba mchongaji ameacha kazi amerudi kijijini, lakini yupo dalali anayeweza kuwauzia hori zinazofanana. Niliisoma nikiwa nimesimama. Dalali! Yule wa gunia tupu na yule ndugu wa tai walikuwa wamejuana lini?

Lakini Mungu hashindwi! Hori zilitoka. Ng'ombe, Yusufu, Mariamu, wote walifika kabla ya Krismasi. Leo Baba Ndunge ameketi pale, mikono ina makovu ya tezo, na kwenye geti za Indastrio hajawahi kusimama. Mpigieni Bwana makofi!

Sasa namalizia, Pasta ameangalia saa. Labda umekaa hapo unajiuliza huyu Yesu anataka nini kwako, maana wokovu ni bure, na Mama Ndunge amesema cha bure kina kodi yake. Hata mimi nilimshuku. Nikamuuliza, nionyeshe mtu aliyehama kwako. Naye anao! Watu walipomwacha aligeukia wanafunzi wake akawauliza kama na wao wanataka kwenda zao. Mlango wazi! Petro alihama usiku ule wa jogoo, akaapa hamjui. Aliporudi hakukuta kufuli. Alikuta moto umewashwa pwani, samaki yuko juu ya makaa, anaambiwa njoo ule. Huyo ndiye anayejua kuhosti. Kodi aliilipa mwenyewe, na chai ni yake. Mwamini, ndugu yangu, wala usingoje kesho.

Na wewe ndugu wa tai, nimekuona ukiingia, umekaa nyuma karibu na mlango. Usitoke. Nilikukasirikia mpaka nikaugua, na nimekusamehe, Mungu ni shahidi yangu. Jumatano ushirika uko kwangu. Njoo unywe chai, keti karibu na Baba Ndunge, mlango wangu haufungwi. Ila lile neno la siri, ndugu yangu, utaambiwa mbinguni.