Fedha Iliyookwa Kilbrodie

Gavin, vua koti. Mwana anayemsikiliza mama yake na koti mwilini ana treni kichwani, na mimi sitaki kufa nikigombania nafasi na treni. Nawe Elspeth, acha kuuhangaikia huo mto wa kulalia, mto hauna kosa, keti. Sikilizeni wanangu, maana daktari amenipa wiki mbili, na bwana yule tangu nimjue hajawahi kukisia kitu kikawa, kwa hiyo huenda ni wiki mbili, huenda ni leo kabla ya chai. Akili ninayo na ulimi ninao, pumzi ndiyo ya kuazima. Msinikatize.

Baba yenu Ninian alikuwa mwanakemia, tena si wa kubabaisha. Miaka kumi na tisa alikaa chuo kikuu akichunguza kutu, jinsi chuma kinavyorudi udongoni, na watu walivuka bahari kuja kumsikiliza akisema habari za kutu. Kisha vita vile vya kwanza vikaisha, migodi ikaanza kufungwa, na siku moja njiani akitoka maabara akawaona wanaume wenye mikono mizima wameegemea ukuta bila kazi, na nyuma ya ukuta huohuo viazi vinaoza kwa kukosa mnunuzi. Alirudi nyumbani akasimama jikoni na kofia kichwani, akasema, "Effie, nimekuwa nikichunguza kutu isiyo yenyewe." Nikamwambia anawe mikono ale. Hakula. Kuanzia siku hiyo kemia ilipewa talaka, akauoa uchumi, nami nikawa mke mwenza wa riba.

Fikra zake nitawapa kwa kifupi, kwa sababu yeye hakuwahi kuzisema kwa kifupi. Alisema utajiri wote wa dunia hutoka juani: jua huiotesha shayiri, shayiri humlisha farasi na mchimba mgodi, na makaa ya mawe ni jua la kale lililozikwa. Utajiri huo huliwa, huungua, huoza. Yai huoza, paa huoza, ng'ombe huoza, hata profesa. Kitu kimoja tu hakiozi, nacho ni deni. Deni halioti ukungu, hunenepa likiwa limelala, na benki huliandika kwa wino kisha ikadai lilipwe kwa jasho. Basi fedha nayo, alisema, sharti izeeke kama vitu inavyovinunua, la sivyo mwenye kuifungia kabatini atamshinda mwenye viazi kila siku ya Mungu, maana kabati laweza kungoja na viazi haviwezi. Hapo, wanangu, sijamwona aliyemjibu. Gavin, una miaka ishirini benki, na kila Krismasi ulimbishia baba yako mpaka bata akapoa, lakini jibu hukumpa. Ulimpa soksi.

Akaenda kuyafundisha hayo katika ukumbi wa kanisa. Aliweka mezani yai moja na kando yake hati ya deni la pauni moja, vikae wiki nane, ili kila Jumatano watu waje waone kipi kinapungua na kipi kinaongezeka. Wiki ya sita yai likapasuka lenyewe katikati ya zaburi. Mchungaji alitoka kwa dirisha. Ukumbi mzima ukakimbia, akabaki Ninian peke yake, machozi yanamtiririka kwa ule uvundo, anatupigia kelele sisi tulioko uani, "Mmeona? Deni halinuki!"

Msicheke sana, mtanichekesha na mimi, na kucheka kwangu siku hizi huisha kwa kukohoa. Elspeth, maji. Basi.

Mwaka wa thelathini na mbili mgodi wetu ulifungwa kabisa. Kilbrodie ilikuwa na fundi viatu asiye na ngozi ya kushona, na mwenye ngozi asiye na viatu, na mjane ambaye paa lake linavuja juu ya kichwa cha fundi paa aliyepanga kwake. Kilichokosekana ni shilingi ya kupita katikati yao. Ninian akachapisha noti zake mwenyewe, saa moja ya kazi kwa noti moja, na kila mwezi noti ikapungua thamani sehemu ya kumi ili mtu asiifungie. Tulloch mwenye duka aliigeuza mbele na nyuma, akasema, "Dakta, karatasi yako imejiandikia kwamba itakufa. Mimi wagonjwa ninao wa kutosha nyumbani." Akamrudishia.

Usiku ule baba yenu hakulala, na asubuhi alikuwa bado anauliza meza ya jikoni kwa nini watu hawaamini kwamba karatasi inaweza kuoza. Nami nilikuwa nakoroga uji, nimechoka, nikasema tu ili anyamaze, "Basi zioke." Alinitazama vile alivyonitazama siku ya posa.

Hivyo ndivyo fedha ya Kilbrodie ilivyokuwa biskuti ya shayiri, imepigwa muhuri wa mbao wenye ua la mbigili. Yeye aliziita hawala za jua. Watu wakaziita biskuti. Saa moja ya kazi, biskuti moja. Ikikaa sana inavunda, kwa hiyo itumie. Ukikosa pa kuitumia, uile, hutalala njaa. Na wanangu, naapa kwa Mungu nitakayemwona hivi karibuni, ilifanya kazi. Wiki saba. Paa la mjane likazibwa. Viatu vikapata soli. Nilisikia nyundo mtaani kwetu kwa mara ya kwanza tangu mgodi ufungwe, na baba yenu akawa anatembea na kidaftari akiwaamkia watu kama mfalme asiye na mshahara.

Sasa naja penye mwiba. Mapishi ya zile biskuti yalikuwa yake, si yangu. Aliondoa chumvi, akaondoa mafuta, akasema mafuta yanaharibu hesabu ya kuoza. Kilichobaki kilikuwa ubao. Na mji mzima ulijua nani anayeoka! Nilisimama dukani kwa Tulloch nikamsikia mkewe nyuma yangu akinong'ona, "Yule Effie ni mtu mwema, maskini, lakini kuoka Mungu hakumjalia." Mimi! Mimi niliyechukua zawadi ya kwanza ya biskuti miaka mitatu mfululizo! Siku ya pili yake Ninian alipotoka, nikaoka sinia moja kwa chumvi na mafuta ya nguruwe, nikazipiga muhuri, nikazichanganya na zile nyingine. Sinia moja tu, nilisema. Siku iliyofuata nikaoka mbili.

Ndiyo, Elspeth. Mimi. Funga mdomo, mwanangu, baridi itaingia.

Mnakumbuka kilichofuata. Aliyepata biskuti laini hakuinunulia kitu, aliila palepale mlangoni. Mishahara ikaishia tumboni kabla haijafika nyumbani. Zile ngumu ndizo zikabaki kuzunguka, zimeshikwashikwa mpaka zikawa nyeusi kwa vidole vya makaa. Tulloch akatangaza anapokea laini tu. Ngumu mbili kwa laini moja, kisha nne, kisha kumi, kisha panya wakaingia katika hazina alimoziweka, nao hawakuchagua. Ninian akachukua biskuti moja laini akaipeleka maabara kwa rafiki zake, akarudi na jibu: mafuta ya nguruwe. Na mtaani kwetu nani alifuga nguruwe? Dada yake, shangazi yenu Grizel.

Jumamosi ile ukumbini, mbele ya mji mzima, alimnyooshea kidole. "Grizel! Umeiua fedha ya haki kwa mafuta ya nguruwe!" Wifi yangu akasimama. Akamtazama kaka yake, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kisha akasema, "Kama ndivyo kemia inavyosema," akachukua mwavuli wake akatoka. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nyumba hii waliachiwa wote wawili na baba yao, nusu kwa nusu, na jioni ile mume wangu alibadilisha kufuli ya chumba cha Grizel cha chini. Naye Grizel akahamia chumba cha kupanga nyuma ya stesheni, na ninyi mkakatazwa hata kumwamkia. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Uongo. Yamenuka miaka ishirini na sita, ndani ya pua yangu mwenyewe.

Nilisema nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikamkuta ameanza kuandika kitabu, na ukurasa wa kwanza unasema fikra ilikuwa sahihi, ila iliuawa na hila ya mtu mmoja. Ningemwambiaje kwamba mtu huyo analala ubavuni pake? Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile ilikuwa imemchemshia chai. Miaka ikapita. Kitabu kikauzwa nakala kumi na nne. Baridi kuu ya arobaini na saba nilichoma masanduku mawili ya nakala zilizobaki, na Ninian akaota moto wake akasema, "Leo makaa ni mazuri." Akafa akimlaumu dada yake, nami nikamshika mkono, nikanyamaza.

Subirini... nipumue. Bado.

Alhamisi iliyopita nilimtuma muuguzi amwite Grizel. Akaja, ana miaka sabini na tisa, akaketi hapo ulipo, Elspeth. Nikamwambia yote. Akasema, "Effie, mafuta yenyewe yalikuwa yangu. Nilikupa mtungi mzima Mwaka Mpya. Nilionja biskuti moja nikamjua nguruwe wangu, nikaujua na mkono wako."

"Mbona hukusema, wifi?"

"Ninian angeweza kuishi bila dada. Bila mke angekufa njaa, tena wiki ileile."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Lakini alipokuwa akivaa glavu zake hakuwa anacheka tena. Alisema, "Ningekusamehe hata ungekuja mwaka wa pili, Effie. Nilikaa dirishani nikikungoja." Hilo, wanangu, ndilo linaloniua. Si moyo, asemavyo daktari.

Basi wosia wangu ni huu. Nyumba haiuzwi. Gavin, yule bwana uliyemleta kupima madirisha mwambie akapime ya kwao. Usinitazame hivyo, nilimsikia. Nusu ni ya Grizel, ilikuwa yake siku zote, na nusu yangu ni yenu, lakini hamtaigusa wakati yeye anapumua. Chumba cha chini ni chake. Kufuli ivunjwe, isifunguliwe, ivunjwe. Mkamchukue leo hii, ninyi wawili, mmbebee masanduku kwa miguu kupitia barabara kuu, mbele ya duka la Tulloch, na atakayeuliza mwambieni. Siku ya mazishi yangu, Gavin, wewe mwenye sauti ya benki, simama ukumbini uwaambie: aliyeoka ni Euphemia. Na waambie zilikuwa nzuri.

Vitabu vya baba yenu, atakayeviomba mpeni. Alikuwa na haki, wanangu, yule mtu... kuhusu viazi alikuwa na haki. Hakuwajua watu tu. Ndugu wawili msigombane. Elspeth, mume wako mpole, mheshimu. Gavin, mtu akija dirishani kwako benki na kofia mkononi... mpe kiti kwanza. Kwanza kiti.

Mungu awape kazi ya kuwachosha na... na usingizi wa kuwapumzisha. Awape meza yenye watu. Asiwape siri inayodumu... kuliko mliowaficha. Amina. Semeni amina, nisikie.

Nendeni sasa, kabla Tulloch hajafunga duka. Hapana, Elspeth, usikae na mimi... nendeni wote. Mlango wa chini uacheni wazi. Nataka nimsikie... akiingia.