Leah Namfukwe Hakuwa Mgonjwa Mwaka 1951

Ndugu waombolezaji, wazee wa kanisa, na nyinyi wageni mliotoka Msangano, Vwawa na ng'ambo ya mpaka, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Yunisi Namfukwe, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha yake kabla hatujamzika. Karatasi mliyoshika mkononi ilipigwa taipu jana pale misheni. Niliiandika mimi, lakini kaka yetu mkubwa, Mzee Luka Simfukwe (kwetu mwanamume ni Simfukwe, mwanamke ni Namfukwe), aliipitia, akakata fungu moja na kutia la kwake. Hilo la kwake linasema hivi: "Mwaka 1951 marehemu aliugua, akapelekwa mbali kutibiwa, na kwa neema ya Mungu akapona." Huo ni uongo. Kaka Luka ameketi pale mbele na anajua kuwa ni uongo. Mimi nitasoma nilivyoandika mwenyewe, na anayetaka kunikatiza asubiri nimalize.

Leah Namfukwe alizaliwa Msangano mwezi wa Machi mwaka 1915, kwa kadiri mama alivyokumbuka, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Hezron Simfukwe na Mama Jenista Mbonile aliyetoka Ileje. Alikuwa hajaanza kutembea vizuri baba alipochukuliwa kubeba mizigo ya vita. Baba alirudi baada ya miaka miwili na bega lililovimba ambalo halikupona hadi anaingia kaburini, na alirudi na majina ya mahali: Songea, Mahenge, Iringa, Lupembe. Aliyataja kwa uchungu, kama mtu anayetaja waliomdhulumu. Leah aliyasikia namna nyingine. Alikuwa akimkalia magotini na kumwambia, "Baba, taja tena," na baba, aliyekuwa mkali kwa watu wote, alitaja tena.

Familia ilihamia Tunduma mwaka 1923. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka barabarani, na hapo ndipo dada alipopata tabia ambayo wazee wengi mliopo mnaikumbuka. Kila msafiri aliyepita, awe anakwenda kutafuta kazi migodini Rodeshia au anarudi, dada alimkimbilia na kumwuliza, "Jana ulilala wapi?" Hakuomba kitu. Akishajibiwa anauliza, "Na juzi?" Kuna mzee mmoja wa Kibemba aliyechoka na miguu imepasuka, akakaa chini akamhesabia malazi yake yote tangu Broken Hill, kumi na saba, na alipomaliza akasema huyu mtoto amempumzisha kuliko maji. Mama alicheka habari hiyo miaka mingi.

Mwaka 1925 aliingia shule ya misheni, akasoma miaka minne, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1928. Alijua kusoma, kuandika na kushona. Ramani hakufundishwa. Saa ya ramani wasichana walipelekwa nje kushona, na mwalimu aliyepanga hivyo, ambaye sasa ni marehemu naye, alisema msichana ramani yake ni njia ya kisimani. Dada alichagua kushona karibu na dirisha. Nguo alizoshona mwaka ule zilikuwa mbaya, mishono imekwenda upande, lakini alitoka pale anajua baada ya Mbeya kuna nini na baada ya Iringa kuna nini.

Tarehe 14 Oktoba 1933 alifunga ndoa na Bwana Boazi Sikanyika, na Mungu akawajalia watoto watatu. Shemeji Boazi yupo hapa. Sitasema alikuwa mume mbaya. Hakumpiga, hakumnyima chakula, na alimjengea jiko. Alikuwa mtu wa kucheka, na alicheka kila kitu, hata kisichochekesha, na hilo tutalifikia.

Kuanzia mwaka 1937 marehemu alipika na kuuza chakula pale malori yanaposimama kukaguliwa mpakani. Ugali wa ulezi, maharage, samaki wa Rukwa walipopatikana, na togwa ambayo madereva waliisifu hadi Mbeya. Wabemba aliwaamkia mwapoleni, Waswahili aliwasalimu kwa Kiswahili, na wote walimwita mayo, yaani mama. Kwa miaka kumi na minne aliwalisha watu wanaokwenda. Alijua daraja lipi limevunjika, mlima upi unateleza mvua ikinyesha, wapi maji ni ya chumvi. Aliijua barabara yote kwa midomo ya watu, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Mbozi. Mara tatu aliomba aende aone. Mara tatu aliulizwa kuna msiba gani. Maana kwetu mwanamume husafiri kwa msiba, kwa ugonjwa au kwa kazi, na mwanamke husafiri kwa msiba na kwa ugonjwa, basi. Kusafiri ili uone hakuna. Huko tunaita kuzurura, na mwanamke anayezurura tuna majina mengine ya kumwita, ambayo baadhi yenu mlimwita.

Sasa nasoma lile fungu lililokatwa.

Jumanne tarehe 4 Septemba 1951, asubuhi kweupe, marehemu Leah alimaliza kufagia uwanja, akafunga nguo zake mbili na blanketi, akamwendea mumewe aliyekuwa akinywa uji. Mimi nilikuwepo.

"Baba Nikodemo, nakwenda Arusha."

"Arusha kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwenda."

Shemeji akacheka. Akacheka hadi uji ukampalia, akidhani ni utani. Dada akamngoja amalize kukohoa, akamwambia mahindi yako wapi na nani atapika, kisha akatoka akapanda lori la magunia lililokuwa linakwenda Mbeya. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Alilipa nauli kwa fedha ya maharage aliyolima mwenyewe. Hakutoroka, hakuiba, na hakumfuata mwanamume yeyote. Nataka wazee wa kanisa wanisikie vizuri hapo.

Kutoka Mbeya alipanda basi hadi Iringa, na Iringa aliona baridi inayofanana na ya kwao mama, Ileje, akajisikia yupo nyumbani mahali ambapo hamjui mtu. Akashuka hadi Mtera, akavuka Ruaha, akafika Ugogo. Dodoma alilala kwa mama mmoja wa Kigogo aliyekutana naye kwenye basi. Kiswahili cha wote wawili kilikuwa cha kuungaunga, lakini walizungumza hadi mlenda ukaungua. Akapita Kondoa, akapita Babati akaona ziwa, na siku ya kumi na moja, jua linachomoza, dereva alimgusa bega akamwonyesha upande wa kulia. Dada aliona mlima ukiwa mweupe juu. Alisema alikasirika. Alikasirika kwamba kitu kile kilikuwapo siku zote alipokuwa akikoroga maharage, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Arusha alikaa siku mbili tu. Arusha haikuwa shida yake, shida yake ilikuwa njia. Wakati wa kurudi lori liliharibika kabla ya Kondoa, wakangoja kipuri kiletwe kutoka Dodoma siku kumi na mbili. Abiria walikuwa tisa, wakapika pamoja, wakagawana maji, wakaambiana habari za kwao. Wengine walilalamika. Dada aliniambia kwamba siku zile kumi na mbili kando ya barabara zilikuwa bora katika maisha yake, kwa sababu kila mtu aliyemuuliza swali alitaka kujua jibu. Alirudi Tunduma Jumamosi tarehe 13 Oktoba, amekuwa mweusi kwa jua, amekonda kidogo, anacheka peke yake.

Akakuta amekuwa mgonjwa.

Jumapili ya kwanza baada ya yeye kuondoka, wazee wa kanisa walikuja kuuliza aliko, na shauri lilikuwa kumweka nje ya ushirika. Wakajibiwa mlangoni kwamba Leah ana maradhi ya kike, amepelekwa kutibiwa. Wazee wakainamisha macho, wakaaga. Maradhi ya kike mwanamume haulizi mara ya pili. Kuanzia siku hiyo ukoo mzima uliushika ugonjwa huo, na dada aliporudi na mlima wake na Mgogo wake na siku zake kumi na mbili, kaka Luka alimwambia, "Nyamaza. Ulikuwa mgonjwa. Ukisema vingine unatutia aibu." Dada aliniangalia mimi, akasema, "Mmenifanya mgonjwa, na mimi sijawahi kuwa mzima kama hivi." Habari za safari hakumsimulia mtu tena, ila mimi na binti yake Marita, tukiwa shambani, kwa sauti ndogo. Miaka mitano, mwanamke mwenye maneno yale, kwa sauti ndogo.

Hata hivyo ndani ya nyumba kila mtu alijua ukweli, ndipo ugonjwa wa Leah ukawa mchezo. Akishika kiuno, watu wanamwuliza, "Lori la wapi leo?" Akisema kichwa kinauma, shemeji anasema, "Kinauma cha Iringa au cha Dodoma?" Tulizoea. Naye alizoea, au alituonyesha kwamba amezoea.

Katikati ya mwezi wa Juni mwaka huu wa 1956 marehemu alianza kuumwa tumbo. Jumanne tarehe 10 Julai alikwenda zahanati, na dresa alimpima, akamwandikia barua afike hospitali ya Mbeya bila kukawia. Alikuja na barua ile nyumbani tukiwa tumekaa tunapukuchua mahindi. Akasema, "Naumwa. Dresa amesema niende Mbeya."

Shemeji Boazi akasema, "Mbeya! Halafu Iringa, halafu Arusha."

Kaka Luka akasema, "Safari hii atataka Nairobi."

Tulikuwa watu wanane pale, na tulicheka wote wanane. Dada akasema, "Barua hii hapa, someni." Shemeji akasema barua hata Leah anaweza kuiandika. Dada akaikunja, akaiweka kifuani, akainama kupukuchua nasi.

Ugonjwa ule ulimla siku ishirini na tatu. Malori yalipita mlangoni kila siku, na madereva waliokula chakula chake wangembeba bila kumtoza kitu. Alipoacha kula, tukasema ana hasira. Alipoacha kuamka, tukasema anatutisha. Siku alipotapika damu ndipo barua ikatafutwa, na ilikuwa imelowa jasho hata maandishi hayasomeki. Alhamisi tarehe 2 Agosti tulimpandisha lori la magunia ya kahawa, shemeji mbele na dereva, mimi nyuma na kichwa cha dada mapajani pangu. Hakutazama barabara. Tulipopita Vwawa akaniuliza, "Boazi ameamini?" Nikamwambia ameamini. Akafumba macho, na kabla hatujafika kijiji cha Ruanda alikuwa ameshafariki. Tukamwambia dereva ageuze.

Nimekasirika, ndugu zangu. Nimemkasirikia shemeji aliyecheka, na kaka ambaye hata jana, maiti imelala ndani, alishika kalamu akamwongezea dada yake ugonjwa. Nimewakasirikia wazee waliokuja mlangoni kuhesabu Jumapili za mwanamke mzima. Lakini mtu aliyesimama mlangoni siku ile akawaambia Leah ana maradhi ya kike si Luka, wala si Boazi. Ni mimi. Boazi na Luka hawakujua waseme nini. Nilisema mimi, nikaona nimemwokoa, nikajisifu moyoni kwa akili yangu. Na tarehe 10 Julai nilikuwa mmoja wa wale wanane.

Marehemu ameacha mume, Boazi Sikanyika, watoto watatu, Nikodemo, Ferista na Marita, wajukuu wawili, kaka wawili, Luka na Jonasi, na mdogo mmoja wa kike, ambaye akiugua hastahili kuaminiwa.

Aliishi miaka arobaini na mmoja. Siku thelathini na tisa kati ya miaka hiyo alikuwa mzima, anasafiri, na naomba katibu wa kanisa aandike hivyo katika daftari.

Dada Leah, pumzika kwa amani. Sisi tulioketi hapa, Mungu asitupe amani yetu upesi.