Gunia la Maganda

Mkata tiketi wa treni ya jioni alikuwa hoi, na hamu yake ilikuwa moja tu: kufika nyumbani avue viatu. Ndipo abiria mmoja, mlinzi aliyekuwa bado amevaa sare ya kazi, akamwita. "Kaka, huyu mama amepanda na jalala!"

Mama aliyekaa pembeni ya mlinzi alikumbatia gunia la maganda aliyoyazoa majikoni mwa hoteli. "Si jalala, baba. Nayafukia shambani, yanaoza, napanda mboga."

"Na harufu?"

"Wewe utashuka uiache. Mimi nalala nayo."

Mkata tiketi alipaswa kumshusha. Akajiegemeza mlangoni, akajifanya anapanga tiketi.

"Mbolea si ipo dukani?" mlinzi akauliza.

"Nilitia miaka na miaka, udongo ukageuka majivu."

Mlinzi akalitazama gunia. "Shamba la kwetu nalo ndivyo lilivyo. Mahindi kama vidole. Ndiyo maana nalinda mageti ya watu."

"Basi rudi ukalilishe."

"Ekari mbili, kwa maganda? Unanitania."

"Anza na kona."

"Kona haisomeshi watoto, mama!"

Treni ikasimama. Mama akavuta gunia, likamshinda. Mlinzi akakunja uso, akashika upande wa pili, wakashuka nalo wakibishana. Mkata tiketi alipokuwa anafunga mlango, alisikia sauti ya mlinzi kule nje, imejaa uchovu na ubishi:

"Na panya je? Panya hawayafukui?"