Mupigaji Aliyetoka Mwenyewe

Bandugu bangu ba kanisa, sitataja jina ya muntu. Munajua minyi niko motard, nabeba bantu ku pikipiki, tena munajua napenda kusema mingi. Lakini ile nitawaambia leo, nilifunga kinywa juu yake siku makumi mbili.

Nilikuwa napita mbio ku njia ya soko, nikagonga mama moya mwenye kubeba beseni ya muhogo. Akaanguka. Badala nisimame, nikakimbia. Motard mwenzetu moya akasimama juu ya kumusaidia. Shi munajua Kamina, muji yetu: mwenye kusimama njo anashikwa. Bantu bakamupiga, bakamupeleka buloko ya polisi. Mama mwenyewe alikuwa amezimia, hakuona kitu.

Minyi nikarudi ku nyumba. Nikarudisha sahani ya chakula. Muke wangu akauliza, "Weye, banakuloga?" Nikaitikia ndiyo. Bandugu, hata baloji niliwasingizia.

Siku moya nikaenda kununua kioo ya pikipiki, juu ile ya zamani ilivunjika pale nilimugonga mama. Mwenye kuuzisha piesi za pikipiki ni muzee moya Muhindi. Nikamukuta analia mbele ya telefone. Mupigaji mukubwa wa kriketi wa kwabo alikuwa amekufa.

"Papa, kriketi njo nini?"

Akanielezea: banatupa mupira, weye unaupiga na mbao. Mupira ukigusa mbao hata kidogo, bale bengine bakaudaka mbele haujafika chini, unatoka mu muchezo.

"Siku moya," akasema, "mupira uligusa mbao yake kidogo sana, bakaudaka. Arbitre, mwamuzi wa muchezo, hakusikia. Yeye akaweka mbao mu kwapa, akatoka."

"Nani alimufukuza?"

"Hakuna muntu. Alisikia ku mikono yake. Pointi zake tumeanza kuzisahau, mutoto wangu. Ile hatuisahau."

Nikaacha kioo pale ku meza. Nikaenda ku polisi, nikasema: ni minyi. Nikaingia buloko, mwenzangu akatoka. Tulipopitana ku mulango aliniambia neno moya tu: "Ulikawia."

Aksanti mingi kwa mama, ule alikuya na muguu yake ya kuvimba kuomba banitoshe mu buloko. Aksanti kwa Papa Muhindi, hata kama hajui alinifanyia nini. Bandugu zangu, nawaambia: kosa yako weye njo unaijua wa kwanza. Toka mapema, mbele mwenzako hajapigwa juu yako.

Ule motard mwenzangu bado hanisalimii. Eko na haki. Minyi kila asubui namusalimia.