Koti Alilolishona Mzee Ghodrat

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mtu niliyemshuku bila sababu. Mzee Ghodratollah Pakniyat, fundi wa kushona mazulia yaliyotoboka hapa mjini Kashan, ametutoka Jumanne. Alikuwa na miaka themanini na tisa.

Nilifika Kashan nikiwa msafiri, begi mgongoni. Mzee Ghodrat aliniona nachungulia karakana yake, akanivuta hadi nyumbani, akanikaribisha kama wanavyokaribishana kwao: "Nyayo zako juu ya macho yetu, mwanangu!" Chai. Tikiti. Wali na ukoko wake. Mimi ni mtu wa shaka tangu utotoni, sifichi. Nikajiuliza, huyu anataka nini kwangu?

Ukutani palining'inia koti la sufu. Nikalisifu, basi tu, kwa kukosa la kusema. Mzee akalitungua.

"Ni lako."

"Hapana, mzee."

"Chukua bwana! Usituvunje moyo."

Nikachukua. Wasikilizaji, kwao kitu hukataliwa mara tatu, kisha hurudi mahali pake na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mimi nilikataa mara moja tu. Mkewe, Bi Esmat, akakimbilia jikoni.

Kesho yake nikamwona binti yao, Farangis, nyuma yangu sokoni. Nikigeuka, anashikashika malimau. Nikaingia kwa muuza maji ya waridi, yupo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nguo yenyewe nimeivaa! Hawa wameshona kitu humu. Nikarudi mbio chumbani kwangu katika nyumba ya wageni, nikachukua wembe, nikapasua bitana kutoka kwapani hadi kwenye pindo.

Pamba. Pamba tupu, na mbegu mbili za tikiti.

Nikaliacha kitandani, nikatoka kumkabili binti, aliyekuwa amenifuata hadi mlangoni. "Wewe, unanifuatafuata una nini?"

"Nilikuwa nalitazama koti," akasema. "La kaka yangu Houshang. Alikwenda vitani hakurudi, hata kaburi hatuna. Baba kakataza mtu kukuomba. Nilitaka kuliona tu kabla hujaondoka nalo."

Aibu iliyonipata sina mfano wake. Nikarudi chumbani, nikalikunja koti, nikalirudisha kwao. Mzee Ghodrat akakataa. Akakataa tena. Akakataa mara ya tatu, na Bi Esmat amejifunika uso kwa ushungi. Mara ya nne akalipokea kwa mikono miwili. Bi Esmat akaenda kuchemsha chai. Mzee akalikunjua, akauona mpasuko. Akapitisha kidole juu hadi chini. Hakuniuliza neno. Akavaa miwani, akatunga uzi, akashona, mimi nimekaa mbele yake.

Sikuondoka tena Kashan. Ni miaka ishirini na sita sasa. Bi Esmat alitangulia mwaka juzi, na sikuwahi kumwambia ukweli wa mpasuko ule.

Jana, baada ya kumzika Mzee Ghodrat, nikaungama kwa Farangis. "Lile koti nililipasua mwenyewe, kwa wembe. Niliwashuku."

Akaniangalia. "Wembe? Baba alituambia lilinasa kwenye msumari wa mlango wetu. Akaung'oa msumari, akamwomba mama msamaha kwamba aliusahau pale."

Farangis, na jamaa wote wa Pakniyat, poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkikirimiwa mkaingiwa na shaka, ulizeni kwanza. Mimi sikuuliza, na mzee wa watu akaomba msamaha kwa kosa langu.